Kumbukumbu ya prosesa msaidizi: kutenga mapema, CMA au IOMMU?

Mzabibu_Hombolo: Wakuu, habari za jioni. Nina BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja), RAM MB 512, inapima umeme wa pampu ya shamba la zabibu huku Hombolo. PRU, yaani prosesa msaidizi iliyo ndani ya chipu yake, inasoma fezi tatu, kila fezi sampuli 4,000 kwa sekunde, baiti mbili kila sampuli. Linux inazichukua na kuziandika kwenye kadi. Nataka bafa (eneo la RAM la kuweka data kwa muda) ya MB 4 ambayo PRU na Linux zitaitumia pamoja. Nitenge mapema kwenye faili ya DTS (inayoieleza Linux vifaa vya bodi), nitumie CMA (eneo la RAM ambalo Linux inaliazimisha programu nyingine hadi kifaa kilihitaji), au nitafute bodi yenye IOMMU (inayotafsiri na kudhibiti anwani za RAM ambazo kifaa kinatumia)?

fundi_AreaC: IOMMU ifute, mkuu. Kwenye chipu hiyo PRU haina kizuizi chochote mbele yake: ukiipa anwani ya kerneli (kiini cha Linux), itaandika juu ya kerneli. NPU (prosesa ya AI) ya chipu ya RK3588 inayo, na huko ina maana, kwa sababu bafa ni kubwa na kurasa (vipande vya RAM) zimetawanyika, nayo IOMMU inazifanya zionekane zimefuatana.

binti_UDOM: Tenga mapema. Anwani haibadiliki, programu ya PRU unaiandika mara moja. CMA inafaa kamera: kifaa kikilala, programu nyingine zinatumia nafasi hiyo. Shida ni siku unapoihitaji. Ni sawa na mwenye nyumba aliyepangisha chumba cha mgeni, halafu mgeni kashashuka stendi ya Nanenane ndiyo anaanza kumhamisha mpangaji. Ukurasa mmoja ukishikiliwa, umekwama.

fundi_AreaC: Dada, unaionea CMA. Dereva (programu ya kerneli inayoendesha kifaa) ikiomba mara moja bodi inapowaka, MB 4 inapatikana bila kelele.

kimya_Singida: Mnabishania nafasi wakati kinachowasubiri ni kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. PRU ikiandika kwenye RAM, kashe ya Cortex-A8, prosesa kuu inayoendesha Linux, haina habari. Ukiona data ya zamani imekaa vipande vya baiti 64 katikati ya data mpya, ndiyo hiyo. Kitendakazi cha kerneli `dma_alloc_coherent` kinakupa eneo lisilopita kwenye kashe. Ukitenga mwenyewe kwenye DTS kwa alama ya `no-map`, hakikisha dereva inalifungua eneo hilo bila kashe pia.

Jingine: PRU ikiandika kwenye RAM haisubiri, ila ikisoma inasimama. Kwa hiyo iandike tu. Alama ya mahali Linux ilipofika kusoma iwekwe kwenye ile KB 12 ya ndani ambayo PRU zote mbili zinaitumia.

Mzabibu_Hombolo: Na hiyo KB 12 yenyewe haitoshi kuwa bafa?

kimya_Singida: Piga hesabu: baiti 24,000 kwa sekunde, inajaa ndani ya nusu sekunde. Kadi za bei chee zinaweza kuganda zaidi ya hapo zikiandika. MB 4 inakupa karibu dakika tatu.

Mzabibu_Hombolo: Basi natenga, MB 512 hazitailalamikia MB 4. Fundi, usininunie, CMA nitaijaribu nikifunga kamera. Nikimaliza DTS naitupia hapa muikague.

fundi_AreaC: Itupie, na usisahau anwani ya mwanzo wa eneo igawanyike kwa KB 4.