Marinda ya sari ya hariri yanaporomoka, kasoro iko wapi?

Mkunazini: Asalaam alaykum. Sari ni ya hariri, mita 5 na nusu, ya kuvaliwa harusini kwa mtindo wa nivi, yaani marinda mbele na ncha bega la kushoto. Gagulo ni la satini, la mpira kiunoni. Marinda yanashuka baada ya muda mfupi na pindo la mbele linaburura, japo yana pini nne. Nisaidieni.

Bi Sindano: Waalaykum salaam. Kasoro ni gagulo. Satini chini ya hariri ni utelezi mtupu, na mpira hunyumbuka kwa uzito wa marinda. Tafuta la pamba, la kamba, ulikaze usawa wa kitovu. Viatu vivaliwe kwanza, maana pindo hupimwa kwa kisigino. Anza kuchomeka kulia, zunguka mara moja, kisha tupia ncha bega la kushoto ifike magotini kwa nyuma. Kinachobaki mbele ndicho cha marinda: matano hadi saba, inchi 5 hivi kila moja, yatazame kushoto. Pini moja yatosha. Nyingi huchana hariri tu.

Cherehani: Shona utepe wa pamba ndani ya pindo, marinda yataanguka wima. Uroweke kwanza, la sivyo utasinyaa na kuvuta pindo.

Pwani: Ncha ikiwa na darizi nzito, jaribu Kigujarati: itoke nyuma, ipite bega la kulia, itandazwe kifuani na kuchomekwa kiunoni kushoto. Ila sari ikiwa ya bandhani, kitambaa kinachofungwa uzi vinundu-vinundu kabla ya kutiwa rangi, usiilaze kwa pasi. Vile vinundu ndiyo alama ya kufungwa uzi kwa mkono.