Viuyoga vidogo vya kwenye kisiki: Coprinellus disseminatus, Mycena au Parasola?

MzeeWaVisiki:
Wadau habari zenu, naombeni msaada maana nimelinganisha picha mpaka macho yanauma. Kisiki kimeoza, kimejaa viuyoga mamia kwa mamia vimebanana, kofia haivuki sentimita moja na nusu, umbo la kengele, rangi kijivu cha kufifia ila pale kileleni kuna ukahawia kidogo, na kofia nzima ina mifereji kutoka ukingoni kwenda juu. Mguu mweupe, mwembamba, ukigusa tu umekatika. Nimebaki na majina matatu: Coprinellus disseminatus, Mycena fulani, au Parasola plicatilis. Upi unashinda?

dadaSpora:
Parasola toa kabisa mkuu. Ule unaota kwenye nyasi, mmoja mmoja au wachache waliotawanyika, hauwezi kukujazia kisiki hivyo. Halafu ukiugeuza, lamela (zile kuta nyembamba za chini ya kofia) hazifiki kwenye mguu, zinaishia kwenye kijipete kinachouzunguka. Kofia yake ikifunguka inalala bapa kama mwavuli, wakati Coprinellus mara nyingi unabaki kengele.

Lenzi_Kumi:
Nakubaliana na dada, kwa hiyo ugomvi umebaki Coprinellus na Mycena, na hapo umbo halikusaidii kitu, zote zina kofia za kengele zenye mistari na Mycena nyingi nazo zinaota kwenye mbao zilizooza. Chukua alama ya spora (vumbi la uzazi linalodondoka kwenye lamela). Kata kofia iliyokomaa, ilaze kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na glasi, lala, asubuhi angalia. Vumbi jeupe ni Mycena, vumbi jeusi au kahawia iliyokolea sana ni Coprinellus. Upande mweusi wa karatasi usiuruke maana spora nyeupe kwenye karatasi nyeupe huzioni.

dadaSpora:
Na usichukue kichanga! Coprinellus disseminatus ukiwa mdogo lamela ni nyeupe kabisa, baadaye zinakuwa kijivu ndio zinafika nyeusi. Watu wengi wanaona weupe wanakimbilia kusema Mycena.

kofianyeusi:
Samahani naingilia. Kitabu changu cha zamani kinauita Coprinus disseminatus, na Coprinus si ndio wale wanaoyeyuka wanakuwa wino? Huu mbona nimeuona unanyauka tu?

Lenzi_Kumi:
Swali zuri hilo. Persoon aliupa jina la Agaricus disseminatus mwaka 1801, enzi hizo karibu kila uyoga wenye lamela ulikuwa Agaricus. Baadaye ukatupwa Coprinus pamoja na wenzake wa spora nyeusi. Wataalamu walipokuja kupima DNA, kumbe Coprinus comatus, ambao ndio mwenye jina la Coprinus, ni ndugu wa familia ya Agaricaceae, na hawa wengine wengi wako mbali naye, wako Psathyrellaceae. Ndio 2001 wakagawanywa: Coprinellus, Coprinopsis, Parasola. Kwa hiyo wino si kigezo cha ukoo, na huu wetu ndio ushahidi, ni Coprinellus halali lakini hauyeyuki.

kofianyeusi:
Aisee. Kumbe Parasola na huu ni familia moja, Mycena ndio mgeni.

Lenzi_Kumi:
Ndio, Mycena iko Mycenaceae kabisa. Ila mzee, kuna mmoja hujautaja: Psathyrella pygmaea. Unaota hata kwenye kisiki hichohicho umechanganyika na disseminatus, spora nazo za giza, kwa hiyo karatasi haitakuokoa. Chukua lenzi uangalie kofia changa kwa ubavu kwenye mwanga: disseminatus ina vinywele vifupi vilivyosimama, pygmaea haina, na mifereji yake ni hafifu.

mpitanjia_tu:
Vinalika lakini?

dadaSpora:
Disseminatus hauna sumu inayojulikana ila nyama yenyewe iko wapi, ni ngozi tupu. Na kwenye mbao zilizooza inaota pia Galerina marginata, midogo ya kahawia, spora za rangi ya kutu, ile inaua ini. Acha.

MzeeWaVisiki:
Nimerudi. Upande mweupe wa karatasi umetoka na vumbi jeusi, upande mweusi hauonyeshi kitu. Vinywele vipo, vinaonekana zaidi pale kileleni, kwenye kofia zilizozeeka vimepukutika. Naandika Coprinellus disseminatus. Ila upande wa nyuma wa kisiki kuna vichache kofia laini, kahawia zaidi, havina nywele...

Lenzi_Kumi:
Nilisema mimi 😂 weka picha ya ubavu, na usivichanganye kwenye bahasha moja.