Wadada mnaoambiwa "unaongea kama dume", tupeane uzoefu

Zabibu Chachu: Leo daladala ya Udom nimemdai konda chenji yangu, mzee mmoja kanigeukia "binti punguza sauti, nani atakuoa?" Kaka wa siti ya nyuma anamporomoshea konda huyohuyo matusi, hajaambiwa kitu. Yamewakuta?

Mama Mahindi: Umenikumbusha Kibaigwa, soko la mahindi ninakouzia. Nina besi hadi wadogo zangu wananiita bro. Nikapatana kwa simu na tajiri wa Dar, bei poa, hakuna lumbesa, ananiita kamanda sikumkatalia, biashara ni biashara. Fuso ikaja na yeye ndani, kuniona na kanga "mama, mwenye mzigo yuko wapi?" nikamwambia ndo mimi. Akaanza upya, bei ishuke, gunia zishindiliwe, mara "niitie mumeo tuelewane". Mume nilishamzika. Tajiri anafoka soko zima linasikia, halafu dalali wangu mwenyewe ananivuta pembeni "dada ongea taratibu, unamkera". Nikawaambia vibarua shusheni. Walishusha hadi la mwisho, na mvua hiyo.

Jirani wa Nkuhungu: Duh

Kidume Kongwa: Wanawake maneno mengi, mnaharibu biashara wenyewe

Zabibu Chachu: @Kidume aliyekuwa anafoka nani? Soma kwanza

Ticha: Mtaalamu wa lugha Mmarekani, Robin Lakoff, mwaka 1975 alisema wanawake hulainisha kauli, "nadhani", "au sio?". Mwaka 1980 watafiti O'Barr na Atkins wakachambua mashahidi mahakamani North Carolina, wakakuta wanaume wasio na cheo nao wanalainisha vilevile, na mwanamke mtaalamu hana habari hiyo. Dalali wako alilainika mbele ya hela tu

Mjukuu wa Tukuyu: Ticha tuache na North Carolina yako. Bibi yangu Mnyakyusa hatamki jina la baba mkwe wake, hata neno la kawaida likifanana na hilo jina analikwepa. Hicho nacho cheo?

Ticha: Ndiyo, cheo cha mkwe

Mjukuu wa Tukuyu: Mbona babu hakwepi la baba yake bibi??

Sauti Nyembamba: Mi mwanaume, nikipiga simu naitwa dada. Siku hizi natuma meseji

Kidume Kongwa: @Sauti muoe Mama Mahindi, sauti zibalansi 😂

Jirani wa Nkuhungu: Mama, simu mpe kijana wako apokee

Zabibu Chachu: Asimpe, atapiga cha juu

Jirani wa Nkuhungu: Sasa mzigo ulilowa??

Mama Mahindi: Tuliwahi turubai, gunia za chini ndo zilipata maji. Kibaigwa leo debe shingapi wakuu?