Oksijeni ni dawa: kwa nini kwenye faili la baba hakuna aliyeandika kipimo chake?

Ndugu wanajukwaa, nimesubiri wiki tatu hasira zitulie kabla ya kuandika, na hazijatulia, kwa hiyo naandika nikiwa nazo.

Baba yangu ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, uliotokana na sigara alizovuta kwa miaka mingi na kuziacha akiwa amechelewa. Usiku ule kifua kilimbana, tukamkimbiza hospitali, na kipimo cha kidoleni kikasoma asilimia 84. Sina ugomvi na dakika za kwanza, kwa sababu mtu ambaye damu yake imepungukiwa oksijeni kiasi hicho hapaswi kungojeshwa. Alivishwa barakoa yenye mfuko, mtungi mpya ukafunguliwa hadi lita 15 kwa dakika, na haukupita muda kipimo kikapanda hadi 99. Muuguzi akatabasamu, sisi tukamshukuru Mungu, na daktari wa zamu akaenda kwa mgonjwa mwingine. Ugomvi wangu unaanzia hapo: tangu saa sita usiku hadi saa moja asubuhi, hakuna mtu aliyerudi kuigusa koki ya mtungi ule.

Ilipofika saa tisa, baba alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Saa kumi na moja alfajiri alianza kuzungumza maneno yasiyo na mpangilio, mikono yake ikitikisika kila alipoinyoosha, kisha akazama katika usingizi mzito. Nilimwita muuguzi. Akatazama ile 99, akaniambia, "Mzee amepata nafuu, mwache apumzike." Mzee hakuwa anapumzika. Alikuwa analeweshwa na hewa ukaa, ile tunayoitoa tukishusha pumzi, iliyokuwa ikijilimbikiza katika damu yake, huku sisi sote tukiishangilia namba.

Kwa wasiofahamu, kipimo cha kidoleni husoma oksijeni tu, na hewa ukaa hakiioni kabisa. Mgonjwa anaweza kuwa na 99 kidoleni huku damu yake inageuka kuwa tindikali. Katika mapafu yaliyoharibika, mwili hubana mishipa inayopeleka damu kwenye sehemu zisizopata hewa vizuri, ili damu ielekee kwenye sehemu ambazo bado zinafanya kazi. Ukimmiminia mgonjwa wa namna hiyo oksijeni bila kipimo, mishipa ile hufunguka, damu hurudi kupita penye hewa iliyotuama, na hewa ukaa haipati pa kutokea. Juu ya hayo, himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishajaa oksijeni huibeba hewa ukaa kwa shida zaidi, na kwa baadhi ya wagonjwa hata msukumo wa kuvuta pumzi hufifia. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kifua cha Uingereza huelekeza kwamba wagonjwa wengi wawekwe kati ya asilimia 94 na 98, lakini walio katika hatari ya kulimbikiza hewa ukaa, kama baba, wawekwe kati ya 88 na 92. Ile 99 tuliyoifurahia ilikuwa kengele ya hatari, na hakuna aliyeisikia.

Wala hili halikugunduliwa jana. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Tasmania, Australia, kwa wagonjwa 405 waliohudumiwa na magari ya wagonjwa. Katika kundi lililopewa oksijeni nyingi kwa mkupuo walifariki asilimia 9, na katika kundi lililopimiwa kulingana na mahitaji walifariki asilimia 4. Hewa ni ileile, tofauti ni mkono ulioshika koki.

Aliyemwokoa baba ni daktari wa zamu ya asubuhi, ambaye hakuitazama namba bali alimtazama mgonjwa. Alichukua damu kwenye ateri ya mkono, akapata majibu, akaipunguza oksijeni bila kuizima ghafla, kwa kuwa kuizima ghafla nako kunaweza kuua. Akamvisha barakoa ya Venturi, inayochanganya oksijeni na hewa ya kawaida kwa kiwango maalumu, ikiwa ya oksijeni asilimia 28, kisha akamuunganisha na mashine ya kusaidia kupumua. Mchana baba alifumbua macho akauliza viatu vyake viko wapi.

Baadaye niliomba kulisoma faili lake. Antibayotiki imeandikwa kwa miligramu, saa za kutolewa na sahihi. Dawa ya kufungua njia za hewa vilevile. Kwenye oksijeni pana neno "oksijeni" na alama ya vema. Hapakuandikwa lita, aina ya barakoa, kiwango kinachotakiwa wala saa ya kupima tena. Shirika la Afya Duniani limeiweka oksijeni katika orodha yake ya dawa muhimu. Je, yupo daktari anayeweza kuandika "antibayotiki" na alama ya vema, kisha akaenda kulala?

Najua watakuja wa kunijibu kwamba wauguzi ni wachache, na kwamba kuna wanaokufa kwa kuikosa hiyo oksijeni ninayoilalamikia. Ni kweli, na ndiyo inayonichoma zaidi. Lita 15 kwa dakika ni lita 900 kwa saa, kwa hiyo mtungi mkubwa wa lita 6,800 huisha katika saa saba na nusu. Kwa lita 4 kwa dakika, ambazo ndizo barakoa ile ya asubuhi ilizohitaji, mtungi huohuo ungedumu zaidi ya saa 28. Usiku mmoja walikaribia kumuua mgonjwa wangu kwa hewa ambayo ingewatosha wagonjwa wengine watatu.

Sijamaliza. Siku ya kuruhusiwa tulikabidhiwa mashine ya kuzalisha oksijeni nyumbani, na maelekezo yote yalikuwa sentensi moja: "Awashe akibanwa." Tafiti mbili kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza, ndizo zilizoonyesha kwamba oksijeni ya nyumbani huwaongezea maisha wagonjwa wa aina hii ambao damu yao ina upungufu mkubwa, na ya Uingereza ilikuwa ya angalau saa 15 kwa siku. Kwa wenye upungufu wa wastani tu, utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uliohusisha watu 738, haukuona faida hiyo. Kwa hiyo ama baba anaihitaji kwa saa nyingi kila siku, ama haihitaji kabisa, na hilo huamuliwa kwa kupima damu mgonjwa akiwa ametulia. Kubanwa kifua peke yake si kipimo, kwa kuwa mtu anaweza kubanwa sana na oksijeni yake ikawa ya kutosha.

Halafu mashine yenyewe iliwekwa lita 2 na kuunganishwa na barakoa ya kawaida ya uso. Barakoa ile huhitaji angalau lita 5 kwa dakika ili ifukuze hewa aliyoitoa mgonjwa, vinginevyo anaivuta tena. Kwa lita 2 hutumika mirija ya puani. Yaani mtu aliyetoka kuponea chupuchupu kwa hewa ukaa, walimfungia hewa ukaa usoni akaondoka nayo. Kuhusu kukaa mbali na moto, kutopaka mafuta ya mgando puani na kusafisha kichujio cha mashine, hakuna aliyefungua mdomo.

Nimeandika barua kwa uongozi. Nimejibiwa kwa mistari miwili kwamba mgonjwa aliruhusiwa akiwa na hali nzuri. Nimeandika tena, nikiomba nakala ya fomu ya usiku ule na jina la cheo cha anayepaswa kuijaza, na bado sijajibiwa.

Wakati nasubiri, nimemtengenezea baba kadi ndogo yenye jina la ugonjwa wake na maneno "88 hadi 92, asizidishiwe", na inakaa kwenye mfuko wa shati lake. Nawaomba mnaofanya kazi wodini mniambie ukweli: fomu zenu za dawa zina mahali pa kuandika kiwango cha oksijeni, na kama pana mahali, ni nani anayepajaza saa nane usiku?