Scotland ilipitisha, London ikazuia: nani alikuwa na haki?

Mjukuu wa Leith: Wadau, hili bado linaniuma. Desemba 22, 2022 Bunge la Edinburgh lilipitisha kwa kura 86 dhidi ya 39 muswada wa kurahisisha cheti cha kutambuliwa jinsia, yaani karatasi inayombadilishia mtu jinsia yake kisheria: hakuna tena ripoti ya daktari, miaka miwili ya kuishi kwanza kwa jinsia hiyo inakuwa miezi mitatu, umri unashuka kutoka 18 hadi 16. Wiki nne hazijatimia, waziri wa London, Alister Jack, akauzuia usifike kwa Mfalme kuidhinishwa uwe sheria. Alitumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Scotland ya 1998, kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukigusa. Wabunge wakeshe, mtu mmoja afute! Huo ni ugatuzi gani?

Mama Salma: Miezi mitatu? Kusahihisha herufi moja kwenye cheti cha mwanangu nilihangaika mwaka mzima. Waliandika "Selma". Kila dirisha, rudi Jumatatu.

Mjukuu wa Leith: Pole dada, lakini kwa kuwa wewe uliteswa, na wenzako wateswe? Halafu wa miaka 16 waliwekewa miezi sita. Soma kwanza.

Mama Salma: Usiniambie nisome. Nimelea wanne, mtoto wa miaka 16 namjua.

Wakili Mtaani: Mnagombania umri bure. Hoja kubwa ya London ilikuwa Sheria ya Usawa ya 2010, ambayo Edinburgh haina mamlaka nayo. Mtu awe na cheti Glasgow, akishuka treni Carlisle, upande wa England, kisihesabike? Desemba 2023 Jaji Haldane alisema waziri hakuvunja sheria, na serikali ya Scotland haikukata rufaa.

Mpemba: Kama sisi Zanzibar na Muungano. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, leo 22. Nani kaulizwa?

Wakili Mtaani: Mpemba, usituhamishe.

Mpemba: Nawahamisha wapi? Mkubwa akijipa mwenyewe kazi ya kusema kipi chake na kipi chako, hapo pana nini cha kujadili?

Mjukuu wa Leith: Mama Salma, nilimsindikiza rafiki yangu benki. Kitambulisho kinasema mwanamume, mbele ya karani kasimama mwanamke. Karani akakigeuza mara tatu, akamwita meneja, foleni nzima ikageuka kututazama. Rafiki yangu alikuwa anatetemeka mikono.

Mama Salma: Hilo la benki limeniingia, sikatai. Lakini wangu mpaka leo shuleni wanamwita Selma, na hakuna bunge lililokesha kwa ajili yake.

Mpemba: Wakili, hujanijibu.