Kurekodi TV kwenye memori kadi ili nitazame safarini: king'amuzi, kompyuta au simu?

Dereva_Tunduma
Wakuu, habari za kazi. Naendesha lori Dar hadi Lubumbashi. Foleni ya mpakani Tunduma au Kasumbalesa inaweza kunikalisha siku mbili tatu, na bando la kutazamia video nchi za watu silimudu. Nataka mke wangu anirekodie mechi na tamthilia nyumbani, nikipita nichukue memori kadi niichomeke kwenye simu. Njia nilizoziona ni tatu: king'amuzi chenye tundu la USB, kifaa cha kunasa picha cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kile kiantena kidogo cha kuchomeka kwenye simu yenyewe. Naomba jibu la aliyefanya kwa mikono yake.

Fundi_Dishi
Mkuu, anza na king'amuzi cha chaneli za bure. Kadi itie kwenye kadi rida, chomeka kwenye tundu la USB, bonyeza kitufe cha kurekodi kwenye rimoti, umemaliza. Nakipenda kwa sababu hakiisindiki picha upya. Kinaandika data ileile iliyopokelewa hewani, kwa hiyo ubora haupungui hata chembe. Chaneli inayorushwa kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula GB 1.8 kwa saa, ya HD yenye megabiti 8 inakula GB 3.6. Piga hesabu mwenyewe kadi ya GB 32 itabeba nini.

Usikubali kuuziwa kadi ya bei mbaya eti kwa ajili ya kasi. Megabiti 8 ni megabaiti 1 tu kwa sekunde, na hata kadi ya daraja la 4 inaandika megabaiti 4. Pesa yako iende kwenye kadi halisi. Ukishanunua, ipime kwenye kompyuta kwa H2testw, programu ya bure. Inaijaza kadi yote kisha inaisoma upya, na kadi ya bandia iliyoandikwa GB 64 huku ndani ina 8 inaumbuka hapohapo.

Mama_Wawili
Kaka dereva, sikiliza yaliyonikuta. Nilimrekodia mume wangu mechi ya HD, yuko kazini melini. Alipofungua, faili ikaishia dakika ya 71 ya kurekodi, kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza. Iliniuma sana, maana aliisubiri wiki nzima. Kadi ilikuwa na nafasi tele! Kumbe ilifomatiwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, na FAT32 haipokei faili moja ya kufika GB 4. Ving'amuzi vingine hukata vipande na kuendelea wenyewe, changu kikasimama kimya.

Kwa hiyo kabla ya siku ya mechi, mwambie shemeji arekodi chaneli yoyote ya HD saa mbili mfululizo, halafu uzitazame zote. NTFS, mfumo mwingine wa kufomati, inaondoa kikomo hicho kama king'amuzi kinaikubali, lakini simu nyingi hazisomi kadi ya NTFS, itabidi mhamishe faili kwa kompyuta.

Kijana_wa_Kkoo
Mimi natetea kompyuta. Kifaa cha kunasa HDMI nakitumia na OBS, programu ya bure ya kurekodi. Nikiweka H.264, njia ya kusindika video, ya kilobiti 800 kwa sekunde, saa moja inakula kama MB 400 pamoja na sauti. Kwa simu ya inchi 6 inatazamika, na GB 32 zinakutosha safari nzima na chenji inabaki. Kuna ving'amuzi vinavyotoa picha nyeusi tu kwenye kifaa hiki, kwa sababu HDMI yao imefungwa kwa HDCP, kinga ya kuzuia kunakili.

Fundi_Dishi
Sawa kijana, ila kompyuta lazima ikeshe imewashwa na mtu aijue. Na umeme je? Faili ya MP4 ya kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, umeme ukikatika katikati haifunguki. Anayetumia OBS arekodi kwa MKV, aina ya faili isiyoharibika hivyo. Faili ya TS, ile inayoandikwa na king'amuzi, nayo huwa inafunguka mpaka pale umeme ulipokatikia. Mimi narekodi TS kwanza, nikipata nafasi naipunguza ukubwa kwa HandBrake, programu ya kompyuta.

Bi_Mkunga
Samahanini, king'amuzi cha kulipia je? Ndicho tulichonacho nyumbani.

Fundi_Dishi
Dada, vile vya kulipia vinavyorekodi huwa vinafunga faili kwa msimbo wa king'amuzi chenyewe. Ukiihamishia kwenye simu haifunguki.

Mvuvi_Kilwa
Kiantena cha simu nimekitumia, mkuu. Ukiwa karibu na mnara, umetulia, picha inang'aa. Gari likianza kwenda inaganda, na betri inaisha upesi. Halafu chaneli za Dar utazipatia wapi ukiwa Zambia? Kwa safari yako kiache.

Dereva_Tunduma
Nimewasikia. Nachukua king'amuzi cha bure na kadi mbili za GB 32, moja nyumbani moja njiani. Mke wangu hana kompyuta, na rimoti anaiweza. Bado swali moja: jana tumejaribu, simu inaonyesha picha lakini sauti hakuna.

Kijana_wa_Kkoo
Simu yako haijui aina ile ya sauti, mara nyingi ni MP2 au AC-3. Weka VLC, programu ya kuchezea video, usiguse faili.

Dereva_Tunduma
Siku ya tatu Kasumbalesa, malori hayajasogea tangu asubuhi. VLC imetoa sauti. King'amuzi kilikata mechi vipande viwili, nimevicheza kwa kufuatana na hakuna sekunde iliyopotea. Mama_Wawili, nilifanya lile jaribio la saa mbili kama ulivyosema. Ahsante sana dada. Dereva mwenzangu wa lori la nyuma kaja kukaa nami kwenye kabini, sasa tunaanza tamthilia.