Tupeane uzoefu: watoto mmewanunulia kalkuleta gani ya grafu?

Mama Nasri: Habari zenu. Kijana wangu anaanza Algebra II hapa Ohio. Mwalimu kaleta karatasi, kila mwanafunzi awe na TI-84 (kalkuleta ya grafu ya Texas Instruments) au inayolingana nayo. TI-84 Plus CE mpya inapita dola 100! Mimi nimesoma Tanga, hesabu za Form Four tulifanya kwa four figure, kile kitabu cha majedwali ya log, kalkuleta huingii nayo kwenye mtihani. Waliotangulia, mlinunua ipi?

Baba wa Mapacha: Chukua TI-84 tu dada. Casio fx-9750GIII bei yake iko chini sana na grafu inachora vizuri, ila mwalimu akisema "bonyezeni hapa", wa Casio anabaki anatafuta. Wangu alihangaika hivyo muhula mzima.

Chebe: Huku Kenya fx-82MS, Casio ya kawaida isiyo ya grafu, ilitutosha hadi KCSE, mtihani wa Form Four. Isiyo ya programu, isiyo na sauti, basi.

Kijana wa PCM: Mmenikumbusha mbali. Nikiwa Form Five mjomba alinitumia kalkuleta ya grafu kutoka Uingereza. Darasa zima walikuwa wanaiazima, hadi mwalimu wa fizikia aliichukua siku moja akatuchorea sine wave. Miaka miwili natumia ile. Siku ya mtihani wa Form Six wa Advanced Mathematics, paper one, msimamizi akaiona mezani, akaigeuzageuza, akasema hii inahifadhi programu, haibaki humu. Akaondoka nayo. Na mnajua swali la kwanza la Advanced lilivyo: "tumia kalkuleta isiyo ya programu kukokotoa..." Nimekaa nalitazama, mikono inatetemeka, wenzangu nasikia wanabonyeza tu. Kuazimana hairuhusiwi. Nikabaki na majedwali, standard deviation nazidisha kwa mkono namba moja moja. Mpaka leo nikiona kalkuleta yenye kioo kikubwa moyo unashtuka.

Neema_K: Pole sana kaka 😢

Mzee wa Log: Pole, lakini msimamizi alitenda haki. Sharti lipo kwenye karatasi ya mtihani.

Neema_K: Haki gani mzee wangu? Walimu wameiona miaka miwili, hakuna aliyemwambia mtoto!

Mzee wa Log: Kosa la walimu hilo, si la msimamizi. Na four figure ingefundishwa vizuri asingetetemeka.

Baba wa Mapacha: Jamani, dada kauliza kalkuleta.

Juma Minnesota: Usinunue kabisa. SAT, mtihani wa kuingia chuo huku Marekani, sasa inafanywa kwenye kompyuta na Desmos, kalkuleta ya grafu ya kwenye kompyuta, imo humo humo, bure.

Neema_K: SAT sawa. Darasani je, mwalimu akisema funga kompyuta?

Juma Minnesota: Basi aulize shuleni, nyingi zinaazimisha kwa mwaka mzima.

Mama wa IB: Chochote mtakachonunua, kikiandikwa CAS kiacheni. Inatatua milinganyo kwa herufi, ndiyo maana IB, ule mtaala wa kimataifa, hawaitaki kwenye mtihani, na TI-Nspire CAS haiingii ACT, mtihani mwingine wa kuingia chuo Marekani. Binti yangu yuko IB Nairobi, tulichukua TI-Nspire CX ya kawaida. Kwa jina zinafanana sana, someni boksi hadi mwisho.

Chebe: Ya mtumba pia si mbaya, TI-84 Plus ya zamani inatumia betri za AAA. Tia betri mpya, chora y = x², angalia kama kioo kina mistari iliyokufa. Kisha 2nd, +, 7, 1, 2, inafuta vitu vya mwenye nayo wa kwanza vilivyo kwenye kumbukumbu ya RAM.

Mzee wa Log: Na kabla ya yote ajue kuchora hiyo x² kwa penseli.

Mama Nasri: Asanteni wote. Kesho napiga simu shuleni kuulizia za kuazima, zikikosekana nachukua ya AAA. Kijana wa PCM, lile swali la kwanza uliliacha?

Kijana wa PCM: Nililirudia mwisho, kwa log. Kipengele (a) nilikimaliza. Cha (b) kengele iligonga nikiwa kwenye antilog.